Jinsi ya kuunda bunduki yako ya shabaha ya .22 na kuipima renji bila kudanganywa na karatasi moja nzuri

Wakuu, naandika hii kwa sababu kila nikikutana na Mbongo au Mkongo mwenzangu kwenye renji (uwanja wa kupigia shabaha) hapa Ohio swali ni lile lile, "kaka hiyo bunduki umeitoa wapi?" Ukweli ni kwamba sikuitoa sehemu moja, nimeiunda kipande kwa kipande ndani ya miezi kama minane, na nusu ya hiyo miezi niliipoteza kwa kosa moja ambalo naliona kwa wengi. Unapiga risasi tatu zinakaa kwenye tundu moja, unapiga picha unatuma kwenye grupu la familia, unaamini umemaliza kazi. Mi nilifanya hivyo nikaenda mashindano ya kwanza nikarudi na pointi za kusikitisha, nikakaa wiki nzima nalaumu upepo. Kumbe sikuwa nimeipima bunduki hata kidogo.

Naongelea .22 LR, ile risasi ndogo, na ya kuchezea shabaha kuanzia yadi 25 hadi 100 na kidogo zaidi. Sababu ni bei, huwezi kujifunza kwa kupiga risasi tano kwa mwezi, na .22 inakufundisha upepo na mkao vizuri kuliko hizi kubwa maana iko polepole, kila kosa lako inalionyesha kwenye karatasi.

Kabla ya yote, sheria

Marekani kile kipande cha bodi, yaani chuma ambacho mtutu unaingia na bolti (kile chuma cha kusukuma risasi ndani na kuifunga) inateleza ndani yake, ndicho kinahesabika kisheria kuwa ni bunduki. Vingine vyote, mtutu, kitako, triga, darubini, vinaletwa na posta kama viatu. Kwa hiyo bodi utaipitisha kwa muuzaji mwenye leseni, utajaza fomu 4473 ya serikali ya kununua bunduki, watakukagua, ndo uondoke nayo. Ndugu zangu mlio na viza za muda, wanafunzi, watalii, someni vizuri hapa: mwenye viza ya aina hiyo kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika bunduki, kuna vighairi vichache kama leseni ya kuwinda, lakini usijitafsirie mwenyewe, muulize mwanasheria kwanza. Mwenye green card anaruhusiwa. Na usikubali mtu akwambie "nichukulie kwa jina lako", hiyo ni jela na makaratasi yako ya uhamiaji yanaenda nayo.

Na kwa mnaowaza kuipeleka nyumbani: Tanzania kuna sheria ya mwaka 2015 ya silaha na risasi, Kenya kuna bodi ya serikali ya leseni za silaha, na kuitoa tu Marekani kwenyewe kwa kawaida kunataka kibali. Usithubutu kuiweka kwenye begi la nguo.

Usalama nausema mara moja hapa ila uwe nao kila dakika. Kila bunduki ihesabu ina risasi mpaka umeangalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na kwa kidole. Mdomo wa mtutu usielekee kitu ambacho hutaki kukiharibu. Kidole nje ya triga mpaka umeshalenga. Jua kilicho nyuma ya shabaha. Nyumbani inafungiwa kwenye kabati la chuma, risasi mahali pengine, hasa kama kuna watoto, na watoto wetu ni wadadisi nyie mnajua.

Hatua ya 1: bodi na mtutu

Njia rahisi kwa mtu asiye na mashine ni kuanza na bunduki ambayo kiwanda chenyewe kimeitengeneza mtutu wake ubadilike. Mimi nilianza na CZ 457 ya kule Cheki. Mtutu wake umeshikwa na skrubu mbili za kufungua kwa elenki, yaani unaweza kutoa ule wa kiwandani ukaweka mtutu wa mechi, yaani wa mashindano, bila kwenda kwenye mashine ya kukereza. Bodi nyingine za gharama zaidi zipo, nzuri sana, lakini sikushauri uanze nazo, weka hiyo hela kwenye risasi.

Kwenye mtutu angalia vitu viwili. Cha kwanza ni msokoto wa ndani, ile mifereji inayoizungusha risasi, karibu mitutu yote ya .22 LR inazungusha mara moja kila inchi 16, hapo usihangaike. Cha pili ni chemba, mitutu ya mechi ina chemba iliyobana zaidi kiasi kwamba risasi inagusa mwanzo wa mifereji bolti ikifungwa. Hiyo inasaidia usahihi lakini ina gharama yake: ukitoa risasi ambayo hujaipiga unaweza kukuta imekwaruzwa, na baadhi ya risasi za bei rahisi zenye kasi kubwa zitagoma kuingia vizuri. Usilazimishe bolti. Ikigoma, toa.

Ukishabadilisha mtutu, kabla hujapiga hata moja, mpelekee fundi bunduki apime nafasi kati ya bolti na ukingo wa ganda. Ni kazi ya dakika chache na ina vipimo vyake maalum. Kwenye .22 ukingo wa ganda ndo umebeba kiwashio, nafasi ikiwa kubwa mno ganda linaweza kupasuka nyuma na gesi inarudi usoni kwako. Hapa usiokoe hela.

Hatua ya 2: kitako kikae na mwili wako

Hii watu wanaipita haraka afu wananunua darubini ya dola elfu. Kitako kikiwa kirefu unanyoosha shingo kama twiga, kikiwa kifupi jicho linabanwa kwenye darubini. Tafuta chenye egemeo la shavu linalopanda na kushuka na urefu unaorekebishika. Kipimo changu ni hiki: bunduki tupu, umeikagua mara mbili, lala nayo au kaa nayo vile utakavyopiga, funga macho, legeza shingo kabisa mpaka shavu liegemee lenyewe, afu fungua macho. Kama unaona duara kamili la darubini bila kivuli pembeni, kitako kimekukaa. Kama unaona mwezi mweusi upande mmoja, rekebisha kitako, usirekebishe shingo. Nilirudia hii jioni kama kumi na tano hivi, mke wangu akaniuliza kama nalala sakafuni siku hizi, lakini ndo kitu kilichonisaidia kuliko kipande chochote nilichonunua.

Hatua ya 3: skrubu

Hapa ndo ilikuwa shida yangu na naongea kwa uchungu. Aliyenifungia mara ya kwanza alikaza skrubu za bodi kwa mkono, "mpaka ikaze", moja ilikuwa imebana sana na ya nyuma imelegea. Bodi ikawa inapinda kidogo ndani ya kitako na kila nikipiga makundi (matundu ya risasi kwenye karatasi) yalikuwa yanahama polepole kwenda juu kulia. Nilibadilisha risasi, nikabadilisha ringi za kushikia darubini, nikasafisha mtutu mpaka ukachoka, kumbe ni skrubu mbili.

Nunua spana ya torki ndogo, inayopima nguvu ya kukaza, ile ya inchi-paundi. Fuata namba ya kitabu cha kitako chako maana cha mbao, cha plastiki na cha aluminiamu kila kimoja kina yake. Kaza ya mbele nusu, ya nyuma nusu, afu rudi umalizie. Kisha chora mstari mdogo wa rangi ya kucha ukipita juu ya kichwa cha skrubu na chuma kilicho pembeni yake. Ikilegea hata kidogo mstari unakatika na unaona kwa macho kabla haijakuharibia siku. Hiyo rangi ya kucha ya dola mbili naithamini kuliko vifaa vingi.

Hatua ya 4: darubini

Kwa .22 darubini lazima iweze kufokasi karibu, yadi 25 au chini ya hapo. Nyingi zilizotengenezwa kwa bunduki kubwa zinaanzia 50, ukiangalia karibu picha inakuwa ukungu na ukisogeza kichwa msalaba wa kulengea nao unasogea juu ya shabaha. Chagua ambayo msalaba na nobu za kurekebishia vinatumia kipimo kimoja cha pembe, mil na mil au MOA na MOA, usichanganye. Mi natumia mil: kliki moja ya 0.1 kwenye yadi 50 ni inchi 0.18, yaani milimita 4 na nusu hivi.

Weka reli, kile kipande cha juu ya bodi kinachobeba darubini, yenye mteremko wa MOA 20 au zaidi kama unataka kufika mbali, maana .22 inaanguka vibaya. Ukiizero kwenye yadi 50, yaani ukiirekebisha igonge pale unapolenga, kwenye 100 itakuwa imeshuka inchi 6 au 7, na kwenye 200 utahitaji kupandisha mil 7 hivi. Darubini nyingi bila huo mteremko zinaishiwa nobu.

Kuisimamisha wima tumia akili ya fundi mwashi. Funga bunduki kwenye jiliwa lenye kitambaa au juu ya mifuko, weka pimamaji ndogo juu ya reli mpaka ikae sawa, afu ning'iniza timazi, kamba na kitu kizito chini, ukutani umbali wa mita kumi hivi. Angalia kwenye darubini, zungusha mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya kamba. Kaza ringi kwa kubadilishana skrubu moja hapa moja kule, kwa torki ya kitabu cha ringi, na uangalie tena kamba baada ya kukaza kwa sababu kukaza kwenyewe kunaizungusha. Darubini ikiinama kidogo karibu huoni kitu, ila ukipandisha nobu kwa ajili ya mbali risasi zinaenda pembeni na utalaumu upepo, kama mimi.

Mazoezi ya kufyatua bila risasi nyumbani ni mazuri mno lakini kwenye .22 soma kitabu cha bunduki yako kwanza, maana pini ya kufyatulia inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuumiza. Wengi hapa wanaweka kile kiplastiki cha njano cha kushikia skrubu kwenye ukuta wa jasi, namba 4 hadi 6, kinaingia kwenye chemba vizuri na kinapokea pini. Risasi zote zikae chumba kingine wakati huo.

Hatua ya 5: siku ya kwanza renji

Miwani na vizibo vya masikio hata kama .22 haina kelele. Watu wakienda mbele kubadilisha karatasi bolti wazi, kibendera ndani ya chemba, na husogelei bunduki hata kugusa nobu.

Anza yadi 25. Toa bolti, weka bunduki juu ya mifuko, chungulia ndani ya mtutu mpaka uone duara la shabaha katikati ya tundu, afu bila kuitikisa sogeza msalaba wa darubini uje pale pale. Rudisha bolti, piga moja. Itakuwa kwenye karatasi. Sahihisha, piga tatu, nenda 50, piga tano, sahihisha kwa katikati ya kundi lote. Usifukuze tundu moja moja, utazunguka nobu mpaka jioni.

Siku hiyo hiyo pima darubini yenyewe. Karatasi ndefu yadi 50, mstari wa wima umechorwa kwa pimamaji, lenga nukta ya chini, piga tano. Pandisha mil 5, lenga nukta ile ile, piga tano. Kundi la pili liwe juu kwa inchi 9 na likae juu ya mstari. Rudisha sifuri, piga tano, zirudi pale pale. Likienda inchi 8 na nusu basi nobu zako zinasema uongo na bora ujue leo. Likitoka nje ya mstari rudi kwenye timazi.

Hatua ya 6: kutafuta risasi inayopendwa na mtutu wako

Sasa tumefika kwenye kiini. Kwenye bunduki kubwa watu wanajaza risasi zao wenyewe wanarekebisha baruti. Kwenye .22 huwezi, unachofanya ni kutafuta. Na unatafuta loti, yaani mkupuo mmoja wa kiwandani, sio jina tu. Boksi mbili zenye picha moja na bei moja lakini namba tofauti ya loti ubavuni zinaweza kukupa makundi tofauti kabisa kwenye mtutu wako, na loti ambayo mtutu wako unaikataa inaweza kuwa asali kwenye mtutu wa jirani. Ndo maana wachezaji wakubwa wanapeleka bunduki kwenye vituo vya kupimia. Lapua, kampuni ya risasi, wanacho kimoja hapa hapa Ohio, Marengo, kingine Mesa kule Arizona, bunduki inafungwa kwenye chuma inapigwa loti baada ya loti na mitambo inasoma mita 50 na 100 kwa wakati mmoja, unaondoka na namba ya loti unayoinunua kwa wingi.

Ukifanya mwenyewe: nunua boksi moja moja za aina tano au sita, za kasi ya kawaida, futi 1,050 hadi 1,080 kwa sekunde. Kaa mbali na zile za kasi kubwa kwa kazi hii. Zile zinaanza juu ya kasi ya sauti, ambayo ni futi 1,100 na kitu kwa sekunde, afu zinashuka chini yake njiani na pale kwenye mpaka risasi inayumba.

Kila ukibadilisha aina, piga kumi na tano hadi ishirini za kuzoesha mtutu kwanza na usizihesabu. Kila kampuni inapaka nta yake na mtutu unabeba nta ya iliyopita. Mi nilikuwa naruka hii, nikaitupa risasi ambayo leo ndo natumia kwenye mashindano.

Afu piga makundi matano ya risasi tano kwa kila aina, yadi 50, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Funga utepe mwepesi kwenye fimbo katikati ya njia, sio pale ulipokaa, na piga risasi pale tu utepe ukiwa kwenye hali ile ile. Upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa unasogeza .22 karibu inchi nzima kwenye yadi 50, kwa hiyo usipojali utepe unapima upepo badala ya bunduki. Changanya mpangilio pia, usipige aina A yote asubuhi na aina F yote mchana ukiwa umechoka.

Kupima kundi: tumia kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lililo mbali zaidi, toa inchi 0.224 ambayo ni upana wa risasi.

Sasa sikiliza kuhusu zile risasi tatu za kwenye picha. Bunduki ile ile, risasi ile ile, mkono ule ule, kundi la kumi kwa wastani linakuwa pana zaidi ya mara moja na nusu kuliko kundi la tatu. Hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu, ukirusha mawe mengi zaidi lazima moja litaenda mbali. Kwa hiyo mwenye nusu inchi ya risasi tatu na mwenye inchi 0.8 ya risasi kumi wanaweza kuwa na bunduki sawa kabisa. Na kundi moja dogo la tatu unaweza kulipata kwa bahati na bunduki mbovu. Mimi karatasi yangu maarufu ilikuwa inchi 0.2, nilivyokuja kupiga makundi matano ya tano, wastani ukawa 0.7. Ndo ilikuwa bunduki yangu halisi, na ndo iliyoenda na mimi mashindanoni. Usitupe "ile moja niliyovuta vibaya" pia. Kama hukusema kabla ya kuangalia karatasi kwamba umevuta, inahesabika.

Ukibaki na aina mbili zinazokaribiana zipime tena siku nyingine, kumi kumi. Ukimpata mshindi rudi dukani siku hiyo hiyo ununue loti ile ile kadri mfuko unavyoruhusu.

Hatua ya 7: kwenda mbali

Kama unaweza kuazima kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, azima. Yadi 50 tofauti ya futi 30 kwa sekunde kati ya risasi na risasi huioni, lakini yadi 100 inakupa nusu inchi au zaidi ya juu na chini, na huko 200 ndo unaona makundi yamesimama kama mnazi. Ukiona kundi refu wima jua ni kasi, ukiona limelala pembeni jua ni upepo au kidole chako.

Weka kasi yako kwenye programu ya mahesabu ya simu, ikupe jedwali, lakini jedwali ni la kuanzia tu. Piga kweli kwenye 75, 100, 150, andika kliki zilizogonga kweli, hizo ndo zako.

Kusafisha

Usisugue kila siku. Mtutu wa .22 ukiusafisha mpaka kavu utataka risasi kadhaa ndo utulie tena. Kinachohitaji jicho ni pete ya masizi inayojengeka mbele kidogo ya chemba, ikizidi makundi yanafunguka ghafla. Fimbo ipite kutoka nyuma kwenda mbele, na kiongozi cha fimbo. Na risasi hizi zimetengenezwa kwa madini ya risasi (lead), ni sumu, kwa hiyo usile renji na osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla hujambeba mtoto.

Kitu cha mwisho ni baridi. Nilizero Septemba, nikaenda Januari ikiwa chini ya sifuri, loti ile ile, bunduki ile ile, zikagonga chini kwa zaidi ya kliki mbili kwenye 50, maana baridi inapunguza kasi na nta inakuwa ngumu. Daftari langu sasa lina safu ya joto pembeni ya kila kundi, na Januari boksi la risasi linakaa mfuko wa ndani wa koti mpaka dakika ya kupiga.